Misumari Chini ya Dhahabu

Hapo zamani huko Amerika, wakati kila benki ilijichapishia noti zake yenyewe, katika mji mdogo wa Harlo uliozungukwa na msitu, aliishi mjane aitwaye Kezia. Alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni, na wanaume watatu waliozoea kula mezani kwake aliwapenda kama wadogo zake.

Wa kwanza ni Obadia, mwenye benki. Aliapa kwamba kila noti yake ina dhahabu ya kuilipia ndani ya mapipa ya benki. Kumbe mapipa yalijaa misumari, juu zimetandazwa sarafu za dhahabu za kuazima tu.

Wa pili ni Lemueli, mwenye gari la farasi. Mkaguzi wa mabenki akimaliza kukagua mapipa ya Harlo, Lemueli alizibeba sarafu zilezile, akapita njia ya mkato msituni, akamtangulia kwenye benki ya mji wa pili ili azikute na huko.

Wa tatu ni Tadeo, mkaguzi mwenyewe. Siku moja alitumbukiza mkono ndani ya pipa, msumari ukamchoma. Akafunga kidole kwa kitambaa, akanyamaza.

Kwa noti zile watu wakajenga kinu cha unga. Kwa noti zile Kezia akauza nyumba yake, akaziweka akiba. Kisha Lemueli akashindwa kuvumilia. Akasimama kanisani, akasema yote, hata la Tadeo kuchomwa na msumari. Kufika jioni, noti za Harlo zilikuwa za kuwashia moto.

Watu wakawaka. "Watoke mjini wote watatu!" Na theluji ilikuwa imeshaanza kuanguka, baridi ya kuua mtu msituni. Mchungaji akawatuliza: "Kezia ndiye aliyepoteza kuliko sote. Mmoja abaki, amchague yeye."

Obadia akasema, "Dada, nilidanganya. Lakini bila noti zangu, kinu mngekipata wapi? Na nyumba yangu ni yako sasa. Funguo hizi hapa."

Lemueli akasema, "Uongo niliubeba mimi, na mimi ndiye niliyeutua. Ningenyamaza, mngedanganywa hadi leo."

"Ungesema kabla sijauza nyumba, Lemueli," Kezia akamjibu.

Tadeo akasema, "Mimi sikuchukua hata senti. Kinu kilikuwa hakijaezekwa, na watoto wenu walikuwa wanakula viazi vitupu. Ningefungua mdomo, kingeishia hapo."

Kezia akajifuta macho kwa aproni. "Kwanza kuleni," akasema. Akawaingiza kwenye nyumba ya wageni, akawapakulia supu, akawakatia mkate, akawatazama wakila. Nje watu walikuwa wakisubiri jina moja.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, jina hilo litajeni nyinyi. Je, nani alistahili kubaki?