Somo wa Mtoto wa Sikudhani

Sogeeni karibu, na wenye usingizi wanawe uso, maana nikimaliza nitawauliza jambo.

Huko milima ya Lushoto walikuwapo wanawake watatu waliojitolea kuzitembelea nyumba walikozaliwa watoto waliopungukiwa mkono au mguu. Bi Mwajabu alijaliwa subira. Zamda alijaliwa ulimi. Staamili, ambaye mkono wake wa kushoto uliishia kwenye kiwiko tangu kuzaliwa, alijaliwa wepesi wa kazi.

Basi Sikudhani akajifungua binti, na mkono wa binti ukawa kama wa Staamili. Mama mkwe akasema mkamwana alimcheka mlemavu akiwa na mimba. Hoza, mume, akahamia kwa mama yake. Sikudhani akajifungia ndani, akimfunika mtoto kanga hata kwenye joto. Siku ya saba ikapita, mtoto hana jina. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba alijichunguza kutwa kucha, asikumbuke alimcheka nani.

Bi Mwajabu alipiga hodi, asijibiwe. Hakuondoka. Alifua nepi zilizoachwa kwenye beseni uani, akaanika, akaacha uji mlangoni. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Siku moja mvua ikamkuta anafua, Sikudhani akamwonea huruma bibi wa watu, akafungua. Bi Mwajabu akampakata mtoto bila kumfunua.

"Pua ya baba yake hii," alisema.

Sikudhani akalia kilio alichokuwa amekibana tangu uzazi.

Zamda yeye alimfuata Hoza huko huko kwa mama yake.

"Shemeji, umeshakula?"

"Nimekula."

"Na mkeo je?"

Hoza akajifanya anatafuta viatu vyake.

"Haya, mkeo alimcheka mlemavu, akazaa mtoto asiye na mkono. Mama yako hapa alimcheka nani, akakuzaa wewe usiye na moyo?"

Mama mkwe, aliyekuwa akichekecha unga, akaacha kuchekecha. Alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Jioni hiyo Hoza alirudi kwake na godoro lake kichwani.

Alirudi, lakini hakuthubutu kuugusa ule mkono. "Akikua, huyu atambebaje mwanawe?" aliuliza. Ndipo akaja Staamili na mwanawe mgongoni. Akamshusha, akampandisha binti wa Sikudhani mahali pake, akafunga mbeleko kwa mkono mmoja, kiwiko na meno, akaendelea kupiga soga. Hoza aliangalia hadi mwisho. Kisha akaukunjua mkono wa mwanawe kutoka kwenye kanga, akaushika.

Arobaini ikafika, mtoto wa kutolewa nje na kupewa jina. Sikudhani alikwisha kuamua binti aitwe jina la aliyemwokoa, na huyo awe somo wake, mama wa pili wa maisha. Lakini aliyemwokoa ni yupi? Bila Bi Mwajabu, mlango usingefunguliwa. Bila Zamda, mtoto asingekuwa na baba. Bila Staamili, angekulia chini ya kanga.

Bi Mwajabu hakuwahi kuzaa, wala hakuna mtoto aliyewahi kuitwa kwa jina lake. Alikaa pembeni akichambua mchele.

"Mie nalitaka hilo jina, sisemi uongo," alisema Zamda.

Staamili akamnong'oneza Sikudhani, "Usimpe langu, dada. Watasema kaitwa hivyo kwa ajili ya mkono." Lakini alipolisema hilo, machozi yalimlengalenga.

Mwalimu wa madrasa akamwinamia mtoto. "Mama, jina?"

Sikudhani akawatazama wote watatu, na aliwapenda wote watatu.

Mwalimu anangoja, na mtoto ameanza kulia. Ninyi mnaonisikiliza, kama mngekuwa Sikudhani, mngemtaja nani? Na wale wawili mngewaambia nini?