Kichaka cha Buluu Mlangoni

Mtu mmoja alikuwa na nyumba chini ya jabali. Jina lake Mndeme. Jabali hilo liliinama juu ya kijiji kizima, limejaa nyufa kama kisigino cha mkulima, na katika nyufa hizo viliota vichaka vyenye maua ya buluu, ambavyo majani yake hayakupukutika hata kiangazi kilipokuwa kikali.

Desturi yao ilikuwa kuchuma kitawi kimoja kabla ya mvua za vuli na kukifunga juu ya mlango, kuomba jabali likae mahali pake. Walichuma kwa mkono mtupu. Chombo cha chuma hakikugusa mti ule.

Mwaka mmoja vijiwe vilianza kudondoka. Watu wakawa wanatazama juu kabla ya kuamkiana. Aliyeona vitawi viwili kwa jirani, alitundika vinne. Mwishowe Senzighe, jirani wa Mndeme, aling'oa kichaka kizima akakipanda kizingitini.

"Wewe baki na kitawi chako, mwenzangu," alisema. "Mimi nalala na mti wenyewe."

Mndeme hakupata usingizi. Kulipokucha alichukua sururu akapanda mlimani, na wengine wakamfuata. Mawe yakazidi kudondoka. Na kadiri yalivyodondoka, ndivyo walivyozidi kung'oa.

Kikabaki kichaka kimoja, kwenye ufa mkubwa kuliko zote. Mndeme alikwenda na mkewe ili amsaidie kubeba. Mama huyo aliingiza mkono katika tundu lililoachwa na mzizi wa jana. Ukazama hadi begani, na huko ndani akasikia mawe yanasagana.

"Baba Kilango," alisema polepole, "mizizi hii ndiyo iliyolishika jabali. Tunalifungua sisi wenyewe."

Mndeme alimsikia. Alijua ni kweli. Lakini alitazama chini, akaona milango yote ina buluu nyingi kuliko wake, na hofu ya kuachwa nyuma ikaishinda hofu ya jabali. Akang'oa.

Mkewe alishuka, akambeba mtoto wao Kilango mgongoni, akavuka bonde kwenda kwao.

Vuli iliponyesha, jabali lilishuka lote. Waliokuja kufukua walikuta vichaka vimetapakaa topeni, vingine vingali na maua. Milango hawakuiona.

Ndugu zangu, mawingu yanakusanyika. Hicho ulichokipanda mlangoni kwako ili upone peke yako, uliking'oa wapi?