Chafya ya Mhanga na Aibu Isiyoonekana

Paukwa!

Pakawa!

Watoto songeni mbele, wakubwa acheni kuvutana mkeka. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, magazeti yalipokuwa yakiandikwa kwenye majani ya mgomba, aliondokea Bi Ngiri, mama wa watoto wengi na haraka nyingi. Alikula haraka. Alioga tope haraka. Alikimbia mkia wima, tutu-tutu-tutu! Kusoma alijua, ila alisoma amepiga magoti, maana ngiri haoni kitu vizuri mpaka apige magoti.

Nyumba yake ilikuwa shimo. Shimo alichimbiwa na jirani yake Mhanga. Mhanga mnamjua? Masikio ya punda, pua ndefu kama mchi. Usiku anachimba na kula mchwa. Mchana analala fofofo.

Mwenye gazeti alikuwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa chake. Asubuhi alilitundika jani mtini. Jioni swala walilila. Kwa hiyo porini kule hakuna aliyewahi kusoma gazeti la jana.

Basi siku moja jani likaamka na maneno haya: "Mhanga alipiga chafya. Kichuguu cha njia panda kilianguka. Mhanga ni mnyama mwenye dharau. Pua yake ni aibu kwa pori zima. Hafai kuishi na wenzake."

Bi Ngiri akapiga magoti, akasoma mbio mbio.

"Ala! Kumbe jirani yangu yuko hivyo! Si limeandikwa?"

Huyoo, mkutanoni, tutu-tutu-tutu!

Wanyama wamejaa. Mwenyekiti Nyati amekaa mbele, macho mekundu.

"Atoke!" wanapiga kelele. "Atoke! Atoke!"

Bi Ngiri naye akadakia. "Atoke!" Sauti yake ikazishinda zote. Twiga alikuwa akijipima pua kwa ulimi. Tembo alijificha nyuma ya kijiti chembamba kama ufito, mkonga ameusokomeza mdomoni, macho yamemtoka pima.

Nyati akapiga kwato, ti! "Mhanga atoke leo. Na kila shimo alilochimba lifukiwe. Shimo la mwenye aibu ni shimo la aibu."

Bi Ngiri akanyamaza ghafla. "Mwenyekiti, hata langu?"

"Alilichimba nani?"

"Mhanga."

"Lifukiwe."

"Wanangu wamo ndani!"

"Watoke, au wafukiwe nalo. Wachague wenyewe, sisi hatumlazimishi mtu."

"Na mvua hii inayokuja, tutalala wapi?"

"Hilo gazeti halikusema."

Moyo wa Bi Ngiri ukaenda mbio kuliko miguu yake. Aliwaona wanawe wametota, wanatetemeka. Na mara ya kwanza siku ile akamkumbuka Mhanga, alivyochimba shimo lile mchanga ukimwingia machoni, asiombe kitu.

"Hebu nipeni hilo jani," akasema. "Asubuhi nililisoma kama ninavyokula."

Akapiga magoti. Akasoma polepole, sentensi moja, akatua.

"Mhanga alipiga chafya. Nani alisikia?"

"Mimi!" akasema Kanga. "Ilinirusha mpaka mtini!"

"Basi lilitokea. Kichuguu kilianguka. Twendeni tukaone."

Wakaenda wote, kundi zima, mpaka njia panda. Kichuguu kimelala chini, pwaa, udongo mwekundu kila mahali.

"Nalo lipo, tumeliona. Sasa hili: Mhanga ni mnyama mwenye dharau. Hili tukaliangalie wapi?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Mwingine akatazama chini ya jiwe.

"Hondohondo, dharau yake wewe uliiona?"

"Niliiona kwa macho yangu! Nilimwamkia, hakuitika."

"Ulikuwa wapi?"

"Juu ya mkuyu."

"Na yeye?"

"Chini ya ardhi. Amelala."

Twiga akakohoa.

"Na hii aibu," akasema Bi Ngiri, "imeandikwa iko kwenye pua. Twendeni tukaitafute."

Wakaenda mpaka kwa Mhanga. Mwenyewe yuko usingizini, pua imejitokeza mlangoni, anakoroma khoo-fyuu, khoo-fyuu. Nyati akaiinua ile pua kwa ncha ya pembe. Akachungulia tundu la kwanza.

"Naona nywele."

Akachungulia la pili.

"Naona mchwa. Mmoja. Anatembea."

"Na aibu?"

"Sijaiona bado."

"Sogea, mwenyekiti, labda iko ndani zaidi."

Nyati akasogea. Kope zake zikamtekenya Mhanga puani. Ha... haa... HACHWIII! Nyati akaruka, akatua kwenye miiba, puu! Kanga akajikuta tena mtini. Na pale mlangoni palikuwa na kichuguu kingine. Wote wakakigeukia.

Kimesimama. Hakikutikisika hata chembe.

"Mbona hiki hakikuanguka?" akauliza Bi Ngiri.

"Mwumwumwu!" akalia Tembo.

"Unasemaje?"

Tembo akautoa mkonga mdomoni. "Mgongo uliniwasha! Nilijikuna kwenye kile kichuguu, kikaanguka. Vumbi likamwingia puani Mhanga, aliyekuwa akila mchwa pale, ndipo akapiga chafya. Nikaogopa kusema. Kama pua ile ni aibu, hii yangu mtaiitaje?"

Bi Ngiri akamgeukia Hondohondo. "Habari ya vumbi umeiacha wapi?"

"Sikuuliza. Halafu jani lilikuwa dogo."

"Lakini dharau na aibu vilienea!"

Hondohondo akafumba mdomo, na kwa mdomo ule ilikuwa kazi. Kisha akasema, "Yale yalikuwa maoni yangu."

"Maoni si kosa, bwana. Kila mwenye kichwa anayo. Lakini umeyaandika kama ulivyoandika chafya, kama kitu kilichosikika. Andika: mimi naona. Nasi tutajua ni wewe unayeona."

Nyati, miiba imemjaa makalioni, akanguruma, "Basi Tembo atoke!"

"Tembo atoke!" wengine wakaitikia. Hondohondo tayari ameshachuma jani jipya. Akaandika: "Tembo alijikuna. Kichuguu kilianguka. Tembo ni..."

Bi Ngiri akaja akapiga magoti mbele ya lile jani, akasubiri kusoma. Swala naye akapiga magoti. Twiga akajaribu, miguu ikamtawanyika.

Hondohondo akayatazama magoti yale. Akafuta. Akaandika: "Mimi naona Tembo ni mnene."

"Hilo si maoni," akasema Tembo. "Nipimeni!"

Wakacheka mpaka wakasahau nani alitakiwa kutoka. Majembe yaliyoletwa kufukia mashimo yakarudishwa. Hakuna shimo lililofukiwa.

Jioni Mhanga akaamka, akajinyoosha, akamkuta Bi Ngiri mlangoni, masikio yameinama.

"Jirani, kuna nini? Mbona pua inaniuma?"

"Leo walitaka kukufukuza. Na mimi nilisema ufukuzwe."

Mhanga akafikiri. "Hilo la wewe kusema ni la kweli, au ni maoni ya mtu?"

"Ni la kweli. Nilisema kwa mdomo wangu, wote walisikia."

"Basi mimi naona ulikosea."

"Na mimi naona hivyo hivyo, jirani. Nisamehe."

Mhanga akatikisa masikio yake, akaenda zake kutafuta mchwa. Bi Ngiri akaingia kwa wanawe, na safari hii hakukimbia.

Enyi wasikilizaji, ukisoma habari, itenge sentensi moja moja. Ile unayoweza kwenda kuiangalia, nenda kaiangalie. Ile iliyo kifuani mwa mwandishi ni maoni yake, iache iwe yake mpaka akupe sababu. Na kabla ya kusema "atoke", soma tena.

Hadithi yangu inakomea hapa. Aliyesinzia aamshwe, aliye macho akalale.