Ngolo za Odilia Juu ya Kifusi

Paukwa! Nasikia sauti mbili tu. Wengine mmemeza ndimi? Paukwa! Haya, sasa mmeitika. Kaeni.

Hapo kale, milima yetu ya Umatengo ikiwa haijasikia honi ya gari, ikaja Kampuni ya Makaa ya Mawe ya Lihembe. Ikachimba, ikachimba. Ikapakia, ikapakia. Udongo usio na makaa ikaumwaga kando, ukawa kilima kingine, kifusi cheusi kisichoota hata jani.

Chini ya kifusi hicho mjane Odilia Kapinga alikuwa na shamba. Shamba moja, watoto sita. Mvua ya kwanza ya msimu ule ilishusha tope, ikazika nusu ya maharage yake. Ya pili ingemaliza yote.

Akamwendea meneja, Bwana Kinunda. "Mwanangu, kifusi chako kinanizika."

"Mama, tumepanda miti mara tatu."

"Na mara tatu imeteremka shambani kwangu. Niache nichimbe ngolo, mashimo yetu ya kushika maji."

"Ngolo ni za shamba, mama, si za kifusi!"

"Kwani maji yanajua tofauti?"

Meneja akacheka. Sisi wachimbaji wake tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na hadi leo naona haya.

Odilia akakata nyasi, akazipanga miraba juu ya kifusi. Katikati ya kila mraba akachimba shimo, kwa udongo wake akazifukia nyasi. Shimo moja, mawili, kumi. Siku ya nne mgongo ukamgomea. Siku ya tano, sikilizeni, wanawake wa kijiji wakapanda na majembe yao. Ya sita nikapanda mimi na mundu, kimya kimya. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinionyesha nyasi za kukata.

Mvua ikaja. Mvua hasa! Kila shimo likashika maji yake, na shambani kwa Odilia halikuteremka tope hata la kujaza kiganja.

Meneja akapanda, akavua kofia. "Mama, nifundishe."

"Shika jembe."

Tangu siku hiyo kampuni haikuhama machimbo kabla ya kukichimbia kifusi chake ngolo. Makaa yakaisha, kampuni ikaondoka na magari yake. Mnauliza ilituachia nini? Funueni sufuria. Nyasi za ngolo zilioza, kifusi kikakubali mbegu; maharage hayo yametoka juu yake.

Basi, wajukuu zangu, mkimwona mtu anachimba mahali msipopategemea, msimcheke. Mshikieni jembe.

Kisa changu kimefika jikoni, nami nina njaa. Pakueni.