Lori Lililovaa Viatu Mikononi

Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, huko milimani ambako mvua ikishaanza barabara inageuka uji. Msimu huo dereva mwenye akili hapandi mlima bila kufunga cheni kwenye tairi, maana cheni ndiyo inayong'ata matope. Asiyefunga analala njiani na mzigo wake.

Siku hiyo mzigo wenyewe ulikuwa wa harusi. Mdogo wa mwisho wa mkewe alikuwa anaolewa ng'ambo ya mlima, saa nne kanisani. Nyuma ya lori kulikuwa na magunia ya mchele, sufuria za kuazima na viti vya plastiki. Mbele, kwenye kiti cha abiria, alikaa mama mkwe, yaani mama wa bibi harusi mwenyewe, amepakata kuku. Lori lisipovuka, harusi haina pilau na bibi harusi hana mama.

Tena kulikuwa na jambo la pembeni. Miaka tisa nyuma, siku ya posa, mama huyo aliulizwa anamwonaje huyu kijana, akajibu neno moja tu: "Anapendeza." Tangu siku hiyo jamaa anatafuta neno la pili.

Sasa kule kwao mkwe na mkwe hawasemezani ana kwa ana. Ndiyo adabu yao. Ukiwa na la kumwambia mkweo, unamwambia mtoto aliye karibu, naye mkweo anasikia. Mle ndani ya lori hapakuwa na mtoto. Palikuwa na kuku.

Cheni alikuwa nazo, jozi moja, mpya, zinang'aa. Siku aliyozinunua, muuza vipuri alimwuliza, "Lori lako linasukumwa na tairi zipi?"

"Za nyuma."

"Basi funga nyuma. Tairi linalosukuma ndilo la kuvalishwa."

Jamaa akaitikia ndiyo, ndiyo, kama sisi tunavyoitikia amina. Lakini asubuhi ya harusi, yumo ndani ya suti yake ya kijivu, akalizunguka lori mara mbili, akawaza: huko nyuma nani anatazama? Watu husimama barabarani kutazama lori linalokuja. Lililokwisha kupita linatazamwa na mbwa. Akazifunga mbele.

Na alizifunga vizuri, msimsingizie. Alizinyoosha zisijisokote, akafunga ndoano za ndani kwanza, kisha za nje, akatembeza gari kidogo, akashuka, akakaza tena. Fundi gani angemkosoa? Kazi yote ilikuwa safi. Mahali tu ndipo palipokuwa siyo.

Mama mkwe alishusha kioo, akachungulia chini, akapandisha kioo.

"Kuku," akasema, "hivi wewe ukipanda jalalani, unajisukuma kwa miguu au kwa mdomo?"

Dereva akakohoa. "Kuku, mwambie mama awe na amani. Mbele ndiko kwenye usukani. Panapoongoza ndipo pa kukazwa."

"Haya, kuku. Mimi nimeuliza tu."

Wakafika mlimani. Lori likapanda hatua kumi, likagoma. Tairi za nyuma zikazunguka kama zinasaga mahindi, zikarusha matope mpaka juu ya sufuria. Za mbele, na cheni zake, zimetulia kama wageni waalikwa. Halafu lori likaanza kurudi kinyumenyume, polepole, kwa heshima zote, likielekea mtaroni. Wanawake watatu waliokuwa wanavuna viazi shambani wakakimbia kuweka mawe chini ya tairi. Lori likasimama. Midomo yao haikusimama.

"Shemeji!" akaita mmoja. "Mbona lori umelivalisha viatu mikononi?"

"Mwache," akasema mwenzake. "Haliendi kutembea hilo, linakwenda kupiga makofi!"

Dereva akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu. Kila akijaribu anapoteza hatua mbili.

"Kuku," akasema, anajifuta jasho na baridi yote ile, "matope ya mwaka huu siyo ya kawaida."

Mama mkwe akatazama saa yake. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kuku, saa tatu imeshapita. Mwanangu anavalishwa shela na watu baki."

Jamaa akazima injini. Akamtazama kuku. Kuku akamtazama.

"Kuku," akasema, "mwambie mama nimekosea."

"Kuku amesikia. Jeki iko wapi?"

Basi akalala matopeni na suti yake ya kijivu, akafungua cheni mbele, akazifunga nyuma. Mama mkwe alishuka akashika ncha ya cheni kwa mkono mmoja, kuku kwapani. Lori likapanda kama mbuzi.

Walifika watu wakiwa mlangoni mwa kanisa. Dereva alikuwa udongo mtupu toka kola mpaka viatu. Cheni zilikuwa zimefukiwa na matope hata huwezi kujua kama ni cheni, na hakuna hata mmoja aliyezitazama. Mama akamshika binti yake mkono. Baadaye mpishi alipokuja kumchukua kuku, mama akakataa. "Huyu habandikwi jikoni. Ndiye aliyetuvusha." Kisha akamwinamia kuku, akasema kwa sauti ya kutosha mkwewe asikie: "Anafundishika."

Mmecheka, akina mama. Haya, sasa tuliangalie lori letu.

Sisi cheni tunazo, tena tunazifunga vizuri. Sare imepigwa pasi. Sauti ya pili kwenye kwaya tunaiweza. Askofu akija, sala yetu ni ndefu mpaka watoto wanasinzia. Mbele kote kunang'aa! Lakini maisha yetu yanasukumwa na nini? Si yanasukumwa na yale ya nyuma ya mlango, namna unavyomjibu mumeo, unavyomlisha mama yake mgonjwa, unavyomwita binti wa kazi? Huko tairi ni kipara. Halafu tukikwama tunasema matope ya mwaka huu siyo ya kawaida.

Mungu hakusimama barabarani kutazama lori linalokuja. Yuko kule nyuma, kwenye matope, anangoja ulale chini na suti yako.

Naona mmeanza kumgeukia mama wa benchi la tatu. Mimi nimesema nyuma, sikusema pembeni. Na asije mtu mlangoni kuniuliza nilikuwa namsema nani. Sijamsema mtu. Nilikuwa naongea na kuku.