Kunde za Mama Kwale na Lundo Lililopumua

Paukwa.

Pakawa.

Huko nyuma mnaitikia kama mnaomba radhi. Paukwa.

Pakawa.

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale palikuwa na kilima cha changarawe. Udongo wake mweupe, mwepesi, umechoka. Ukiupuliza, fyuu, umekwenda. Juu yake aliishi Mama Kwale na vifaranga wake sita. Kila masika alipanda kunde. Kila masika ganda lilitoa punje mbili, na moja ina tundu.

Mwaka huo akabakiwa na mbegu za kujaza kibuyu kimoja kidogo.

"Zikifa hizi, tunahamia bondeni," aliwaambia wanawe. Na bondeni alikaa Kicheche, mla vifaranga.

Chini ya kilima aliishi Dundu, yule mdudu mweusi anayeviringisha mavi. Dundu amesoma. Misimu minne chini ya ardhi, anausoma udongo. Alipohitimu akapanda kwa Ngiri, mwenyekiti wa kilima, kuomba kazi.

"Una experience?" Ngiri akauliza.

"Nimemaliza shule jana, mzee. Niitoe wapi?"

"Acha karatasi zako hapo. We will get back to you."

Karatasi zikakaa, zikakaa, mchwa wakazila. Basi angalau mchwa walinufaika na elimu.

Mama Kwale hakuwa na ofisi. Alikwenda kwa Dundu mwenyewe, kwa miguu yake.

"Mwanangu, wewe uliyesoma. Kilima hiki kina ugonjwa gani?"

"Njaa, mama. Kila mwaka mnakivuna. Nani amewahi kukilisha?"

"Kinakula nini?"

"Mavi."

Mama Kwale akatazama pembeni.

"Ndiyo maana sitaji somo langu mbele ya wakwe," Dundu akasema.

Wakaanza kazi. Nyati walipita kwenda kulamba chumvi, Dundu akaviringisha walichoacha. Biri, biri, biri. Mama Kwale akaleta majani makavu na majivu kidogo. Tabaka la mavi, tabaka la majani, maji juu. Lundo likakua. Dundu akachomeka kijiti katikati.

"Kikitoka cha moto, ngoja. Kikitoka cha baridi, panda."

Asubuhi za ukungu lundo lilipumua. Mvuke ulipanda taratibu, fuu, fuu, kama mnyama mkubwa aliyelala. Vifaranga wakajilaza juu yake, kwenye joto, wakaota. Waliota wamelala ndani ya ganda refu la kijani, wamepangana kama punje, upepo unawabembeza. Waliota mizizi inaimba chini ya ardhi, nyimbo zisizo na maneno. Wakaamka na mvuke manyoyani.

Mvua ikaanza. Mama Kwale akachomoa kijiti. Moto.

Ngiri akapita. "Mama, wenzio tunapanda, wewe unaotesha kijiti?"

Naye alikuwa ameshasikia habari za mavi. Akayamwaga mabichi shambani, akapanda siku hiyohiyo. Kunde zake zikachipua mbio. Siku ya tano zikawa za njano. Siku ya saba mizizi myeusi, kama imemwagiwa maji ya moto.

Mama Kwale akachomoa tena. Moto. Vifaranga wakalia njaa, chii, chii. Jicho lake likaenda kwenye kibuyu cha mbegu. Akang'oa kizibo. Akazitazama mbegu, akawatazama wanawe. Akakirudisha kizibo.

"Laleni kidogo tena," akasema.

Mwezi ukaisha, mwingine ukaandama. Akachomoa. Baridi. Lundo limekuwa jeusi, laini, linanukia kama mvua ya kwanza.

Akaichanganya samadi na udongo, akapanda mbegu zote. Kunde zikatambaa kilimani polepole, kama ukungu unaoshuka. Dundu akang'oa mche mmoja. Mizizini mna vinundu. Akapasua kimoja, ndani chekundu.

"Huu mzima, mama. Kwa vinundu hivi unajitafutia na chakula hewani."

Ganda moja, punje kumi na nne. Vifaranga wakala, wakashiba, hakuna aliyehama.

Ngiri akaja, amepunguza sauti. "Mlitumia dawa gani?"

"Mavi, mzee," Mama Kwale akajibu. "Yaleyale yako. Sisi tuliyasubiri."

"Kesho njoo na jembe," Dundu akasema. "Ila mdomo uuache nyumbani."

Basi sikieni, wadogo kwa wakubwa: ardhi iliyochoka ilisheni kwanza ndipo iwalishe, na samadi ipeni muda ioze. Na mwenye kujua akiwa jirani yenu, muulizeni.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye kunde. Mwenye njaa akachume.