Buku na Kisu cha Shavuni

Nifungue?
— Fungua!
Ikikata?
— Itukate!
Haya, anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Kabla sijaanza nina fumbo. Nimelibeba tangu siku niliposikia ngano hii mara ya kwanza. Nimewauliza wengi walionizidi akili, kila mmoja akanipa jibu lake, na hakuna jibu lililofanana na jingine. Fumbo ni hili. Palikuwa na wawili sokoni. Mmoja alisema kweli tupu toka asubuhi hadi alasiri, hakuchanganya uongo hata punje. Mwingine aliisikia kweli hiyo yote, kwa masikio yake mawili. Jua lilipogeuka, yule aliyeambiwa kweli akawa ametapeliwa. Je, alitapeliwa na nani? Mimi sijui. Nitawasimulia tu.

Zamani, kabla suruali hazijaanza kushonwa mifuko, walikuwapo wanyama wawili waliozaliwa na mifuko yao. Wa kwanza ni Buku, yule panya mkubwa wa mashimoni. Wa pili ni Nyani. Mifuko yao ilikuwa mashavuni. Buku shavuni alitia mbegu na vifaa vya kazi. Nyani shavuni alitia chochote alichokiona kwanza.

Buku alikuwa fundi wa ukindu. Alikata makuti ya mkindu kule bondeni, akayachana nyuzi nyembamba, akasuka vikapu na mikeka. Na kila mwaka kabla ya mvua za vuli alisuka kifuniko cha mlango wa shimo lake. Kifuniko kikiwa kizuri, maji hayaingii. Kikiwa kibaya, yanaingia. Mwaka huo ndani ya shimo walikuwamo watoto saba, macho yao hayajafunguka bado.

— Si angetumia meno? Panya ana meno!

Umeuliza vizuri. Meno yanatafuna, hayachani. Uzi wa ukindu uliotafunwa una matundu, na maji hayahitaji tundu kubwa. Buku alihitaji kisu. Tena kisu cha kukunja, kwa sababu msimu uliopita alibeba shavuni kisu kisichokunjwa, na mwezi mzima akawa akinywa maji upande huu, yanatokea upande ule.

Basi. Muuza visu alikuwa Nungunungu. Alifika gulio la Korongoni mara mbili tu kwa mwaka, chaka-chaka-chaka, amevitundika visu kwenye miiba ya mgongo wake. Hakuhitaji meza. Alasiri aliondoka, chaka-chaka-chaka, na kisichouzwa kikaondoka naye.

Siku hiyo alikuja na visu vinne. Kimoja kina mpini wa pembe, kinapendeza kama harusi. Kimoja ni cha chuma cheupe, kinang'aa hadi unafumba macho. Kimoja ni kikubwa sana, kimekunjiwa ndani vyombo kumi na kimoja: bapa, msumeno, mkasi, kijiko, kizibuo, na vingine ambavyo Nungunungu mwenyewe hakuvijua kazi yake. Na kimoja ni kidogo, mpini wa mninga, bapa lake halizidi kidole. Hicho kidogo bei yake ni kikapu kimoja. Buku alikuwa na kikapu kimoja.

Akaondoka kwake alfajiri, akafika mapema. Akamkuta Nyani amefika mapema zaidi.

Sasa, gulio la Korongoni lilikuwa na desturi yake. Mnunuzi akishika kitu mkononi anakichagua, mwingine haruhusiwi kukitajia bei mpaka wa kwanza akirudishe. Ni desturi nzuri, ilizuia ngumi nyingi. Lakini walioiweka walikuwa wakiwafikiria wenye mikono miwili. Nyani ana mikono miwili, na miguu yake nayo inashika kama mikono. Alikuwa ameketi chini, kila mkono na kisu, kila mguu na kisu.

"Shikamoo, mjomba Nyani."

"Marahaba, Buku. Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kununua kisu, mjomba. Nakuomba hicho kidogo nikitazame."

"Bado nachagua."

Buku akangoja. Jua likapanda.

"Mjomba Nyani, hicho kidogo."

"Bado nachagua."

Buku akangoja. Jua likapanda tena.

"Mjomba, unanunua vyote vinne?"

"Nanunua kimoja," akasema Nyani. "Lakini nikiondoka na kimoja, na Nungunungu akaondoka na vitatu, kila mwenye kazi hapa Korongoni atapita kwangu kuazima. Wewe utakuwa wa kwanza. Na utaniita mjomba kwa heshima zaidi ya hiyo."

"Mzee Nungu," Buku akamgeukia muuzaji, "husemi kitu?"

"Desturi ni desturi, mwanangu," akasema Nungunungu. "Mimi nikiivunja, kesho nani ataninunulia?"

Buku akatazama mawingu. Upande zinakotokea mvua za vuli palikuwa na wingu moja, dogo, kama anayechungulia mlangoni. Akaketi, akafikiri.

Alichofikiri ni hiki. Kila aliyelelewa kwenye gulio anajua namna ya kununua. Kitu ukikitaka, unakiponda. Unasema kimepinda, kina kutu, mama yako asingekiokota njiani. Kitu usichokitaka ndicho unachokisifu, kwa sababu sifa hazikugharimu kitu. Mimi hufanya hivyo. Nanyi mnafanya hivyo. Nyani naye alijua hivyo, na alijua kuwa Buku anajua.

Buku akainuka, akajipangusa mikia... samahani, mkia, ana mmoja tu. Akasema kwa sauti ya kusikika soko zima:

"Mjomba, maadamu unachagua, mimi fundi nikusaidie. Hicho cha mpini wa pembe hakifai. Kiungo kinacheza. Ukikandamiza kidogo bapa linakurudia vidoleni."

Ilikuwa kweli. Nyani akatabasamu, akakaza mkono.

"Hicho cheupe nacho hakifai. Mkono ukilowa kinateleza, na kikishakuwa butu hakuna jiwe la mtoni litakalokinoa."

Ilikuwa kweli. Nyani akatabasamu zaidi, akakaza mkono wa pili.

"Na hicho kikubwa, mjomba, sikitaki hata cha bure. Ukitaka msumeno kinatoka kijiko. Hakuna kinachozuia vyombo vyake visifunguke ovyo. Tena ni kizito, na hakikai shavuni."

Ilikuwa kweli tupu. Nyani akacheka, hehehe, akakikaza kikubwa kwa mguu hadi vidole vikafanya weupe.

"Mnamsikia?" akawaambia wanunuzi wengine. "Tangu asubuhi analilia hiki kidogo, kumbe jicho liko kwenye kikubwa! Haya, fundi, endelea. Hiki kidogo unakisemaje?"

Buku akashusha pumzi.

"Hicho ndicho kizuri kuliko vyote, mjomba. Kinafunguka kwa kidole kimoja, ta! Kikifunguka kina kizuizi, hakijikunji mpaka utake wewe, kach! Mpini wa mninga hautelezi. Jiwe lolote linakinoa. Ni chepesi, kinakaa shavuni nawe unaongea kama kawaida. Na bei yake ni kikapu kimoja. Mwenye kazi ya kila siku asitafute kingine."

Kwenye gulio la Korongoni hakuna aliyewahi kusikia mnunuzi akisema maneno kama hayo. Mbuzi mmoja aliyekuwa akipunguziwa bei ya chumvi alisahau bei.

Nyani akakitazama kile kidogo. Akakinusa. Akakishika kwa ncha za vidole.

"Lazima kina ugonjwa," akasema, akakitupa kwenye miiba ya Nungunungu, ting!

"Mzee Nungu," akasema Buku, "nakitaka. Kikapu hiki hapa. Nimeridhika."

"Nami nimeridhika," akasema Nungunungu, na biashara ikafungwa.

Nyani akapanua macho. Kisha akatulia, maana alijiambia kwamba Buku amechukua kibovu kwa hasira. Akakinyanyua kile kikubwa juu.

"Nami nimeridhika na hiki! Kwa magunia mawili ya mahindi!" Nyani hakuwa na shamba, lakini mahindi hakuwahi kuyakosa. Sisi hatumhukumu. "Na kwa kuwa fundi amesema hakikai shavuni, tazameni."

Akakitia shavuni.

Kikakaa. Nyani akageuka kulia watu wamwone, akageuka kushoto watu wamwone. Akafungua mdomo aseme neno.

Fya! kikafunguka kijiko. Fya! ukafunguka msumeno. Fya! mkasi. Fya, fya, fya! vile visivyojulikana kazi yake. Shavu la Nyani likawa na kona saba. Visu viwili vilivyobaki vikamponyoka, Nungunungu akaviokota, akavitundika mgongoni.

Nyani akakimbilia kwa Mama Kanga, mwenyekiti wa gulio.

"Mmmh! Mmmh!"

"Mlalamikaji atulie," akasema Mama Kanga. "Malalamiko yako ni nini?"

"Mmmh!"

"Naona kijiko," akasema Mama Kanga. "Siwezi kusikiliza shauri la mtu mwenye kijiko. Nani anaweza kukitoa?"

Wote wakatazamana. Mkono wa kuingia hapo ulitakiwa uwe mdogo, na chombo chake kiwe kidogo zaidi. Wote wakamtazama Buku.

Buku akatoa kisu chake shavuni, ta! kikafunguka. Kach! kikajizuia. Akapanda juu ya goti la Nyani.

"Mjomba, naingia. Usimeze."

"Mmmh," akasema Nyani, kwa heshima.

Buku akaingia nusu mwili. Kwa ncha ya kisu akasukuma kijiko, kikakunjika. Akasukuma msumeno, ukakunjika. Kimoja kimoja, hakumkwaruza Nyani hata mara moja. Nami huwa nakaa hapo nikiwaza: angeweza. Kisha akatoka na kile kikubwa, akakiweka miguuni pa mwenyewe.

"Amenitapeli!" Nyani akapiga kelele.

"Alisemaje?" akauliza Mama Kanga.

"Alisema kisu hiki hakifai!"

"Kinafaa?"

Nyani akashika shavu. "Hakifai."

"Alisema kingine?"

"Alisema kile kidogo ndicho kizuri!"

"Ni kizuri?"

Nyani akakitazama kile kidogo mkononi mwa Buku, bado kimelowa mate yake mwenyewe.

"Ni kizuri. Ndiyo maana nasema amenitapeli! Mtu mzima, sokoni, anasema kweli! Nani angemwamini?"

Watu wakanung'unika kwamba hapo ana hoja.

Fundisho la ngano hii, wanangu, ni hili: mkienda kununua kisu, chagueni kikubwa kuliko vyote, na mtu akiwaambia kweli msimsikilize, lazima ana lake. Nyani alilifuata fundisho hili neno kwa neno, na mmeona lilivyomfaa.

— Na Mama Kanga aliamuaje?

Kuhusu utapeli hakuamua kitu. Alisema fumbo hilo limemshinda, na mimi kumpita yeye siwezi. Aliamua jambo jingine: kwamba desturi ibaki kama ilivyo, ila siku za gulio Nyani aingie na mkono mmoja wa kushikia, na mingine mitatu ifungwe.

"Ifungwe kwa kitu gani, Mama?" akauliza Nungunungu.

"Kwa ukindu. Mwembamba, usimuumize."

Buku akashuka bondeni, akakata makuti, akachana nyuzi nne. Tatu zikafunga mikono ya Nyani. Ya nne akaondoka nayo kwake, akaanza kifuniko cha mlango. Wingu lilipokuja, kilikuwa kimekwisha, na wale saba walilala pakavu.

Nikunje?
— Kunja!
Kach.